Kunyonya Mafuta: Ya Kuuliza na Yasiyofaa Kufichwa

Kwenye matangazo ya kliniki za urembo, ziwe za Nairobi, Dar es Salaam au Istanbul, kuna picha isiyokosekana: chupa kubwa ya plastiki imejaa kitu cha manjano, na maelezo kwamba mteja "ametolewa lita tano". Itazame vizuri hiyo chupa. Juu yameelea mafuta. Chini yake kuna maji mekundu mekundu, ambayo ni damu kidogo iliyochanganyika na maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi, maji ambayo daktari mwenyewe aliyaingiza mwilini kabla ya kuanza kunyonya. Lita moja ya mafuta matupu ina uzito wa gramu 900 hivi. Kwa hiyo aliyetolewa lita tano huenda amepoteza mafuta ya kilo tatu au nne tu, na akipanda kwenye mizani siku mbili tatu baadaye anaweza kukuta ameongezeka, kwa sababu mwili umevimba na umeshika maji.

Naanza na chupa kwa sababu inajibu swali ambalo wengi hawaliulizi mpaka wameshalipa. Upasuaji huu haupunguzi unene, unachonga umbo. Unamfaa mtu ambaye uzito wake umetulia kwa miezi sita au zaidi, hayuko mbali na uzito unaomstahili, ngozi yake ikivutwa bado inarudi, ila ana sehemu moja au mbili, tuseme kiunoni, mapajani au chini ya kidevu, ambazo mlo na mazoezi vimeshindwa kuzigusa. Mtu huyo akimpata daktari bingwa mwenye vifaa kamili, mara nyingi hutoka salama na kuridhika. Wanaoumia zaidi ni walioingia wakitafuta kitu kingine, na hasa walioingia kwa siri. Kwetu siri hii ina chanzo chake. Mwanamke huchekwa kwa nyama uzembe zake, na akizitoa huchekwa kwa kuzitoa. Basi anaaga nyumbani kwamba ana semina Mwanza, anamweleza daktari nusu tu ya historia yake, na usiku wa kwanza analala peke yake kwenye chumba cha kupanga. Kila moja ya siri hizo inaweza kugharimu uhai, na sababu zake zinaeleweka.

Tuanze na mafuta yenyewe. Yako yaliyokaa chini ya ngozi, na yako yaliyojificha ndani zaidi, nyuma ya ukuta wa misuli ya tumbo, yakiuzunguka utumbo na ini. Kanula, ule mrija wa chuma wenye ncha butu unaopitishwa kwenye tundu dogo la ngozi, huyafikia yale ya kwanza tu. Unaweza kujipima nyumbani. Simama wima, kaza tumbo, kisha likamate kwa kidole gumba na vidole viwili. Ulichokamata ndicho kinachoweza kunyonywa. Kama tumbo limetangulia mbele, limekaza kama ngoma, na vidole vinaambulia ngozi nyembamba, kanula haina kazi hapo. Vitambi vingi vya wanaume ni vya namna hiyo, na mafuta hayo ya ndani ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo.

Tumbo lililolegea baada ya uzazi lina habari yake. Misuli miwili ya katikati huachana wakati wa ujauzito, na kwa baadhi ya kina mama haikutani tena sawasawa. Kunyonya mafuta hakuikutanishi, na ngozi iliyokwisha kutanuka inaweza kubaki ikining'inia vibaya kuliko mwanzo. Huyo anahitaji mazoezi maalumu au upasuaji wa kukaza misuli na kukata ngozi, ambao ni mkubwa zaidi, una kovu refu na hatari zake ni nyingi zaidi. Kuna pia matumbo yanayodhaniwa kuwa na mafuta kumbe yana uvimbe wa kizazi, maji, au ngiri ya kitovu. Ngiri ndiyo inayonitia hofu kuliko yote, kwa kuwa kipande cha utumbo kinaweza kuwa kimetokeza chini ya ngozi, palepale kanula inapopita mara mia bila daktari kuona kilicho mbele yake. Utumbo uliotobolewa hautoi ishara mezani. Hutoa siku moja au mbili baadaye, kwa homa, kutapika na tumbo gumu, mgonjwa akiwa amesharudishwa nyumbani. Kupimwa kitovu na makovu ya zamani kwa mkono, na kwa altrasaundi pale penye shaka, ni jambo la dakika chache. Daktari asiyelifanya asipewe mwili wako.

Wengi hujifariji kwamba mafuta yakitoka, presha na sukari zitashuka. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington cha St. Louis, Marekani, walichapisha utafiti wa wanawake 15 wanene waliotolewa kiasi kikubwa mno cha mafuta ya tumboni, kilo kumi hivi kila mmoja. Walipopimwa wiki 10 hadi 12 baadaye, mwili haukuwa umeboreka katika kuitumia insulini, presha haikushuka, na mafuta ya kwenye damu yalikuwa yaleyale. Mtu akipunguza kilo hizo kwa mlo, vipimo hivyo kwa kawaida huwa bora, kwa kuwa mlo huyapunguza na yale ya ndani, na seli zinazobaki husinyaa. Kanula hupunguza idadi ya seli mahali pamoja na kuziacha nyingine zimejaa vilevile.

Na mwili unaonekana kuyadai mafuta yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado uliotoka mwaka 2011 uliwafuata kwa mwaka mzima wanawake waliopunguzwa mapaja na tumbo la chini. Kufikia mwisho wa mwaka mafuta ya mwili yalikuwa yamerudi kwa jumla, ila mapajani hayakurudi. Yalihamia tumboni. Mwaka uliofuata watafiti wa São Paulo, Brazili, waliona kwamba wanawake waliofanyiwa upasuaji wakakaa bila mazoezi waliongezeka mafuta ya ndani ya tumbo ndani ya miezi sita, huku waliofanya mazoezi wakiepuka hilo. Asiyekuwa na mpango wa kutembea na kupangilia mlo baada ya upasuaji anaweza kutoa pesa nyingi ili kuhamisha mafuta kutoka mahali yasipodhuru sana kwenda mahali yanapodhuru.

Sasa niseme yale ambayo vipeperushi vya ng'ambo havina, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili ya miili na maisha yetu.

La kwanza ni mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua huwa na steroidi kali, klobetasoli ikiwa maarufu kuliko zote. Ikipakwa mwili mzima kwa miezi au miaka, dawa hupenya hadi kwenye damu. Uso unakuwa wa mviringo, nundu ya mafuta inaota chini ya shingo kwa nyuma, tumbo linanenepa huku mikono na miguu ikikonda. Dada mwenye umbo hilo anaweza kwenda kunyonywa mafuta ambayo yameletwa na krimu yake mwenyewe. Steroidi pia hulaza tezi zilizo juu ya figo, zile zinazotoa homoni ya kuukinga mwili unapopata mshtuko. Akipewa nusu kaputi na kukatwa, mwili unaweza kushindwa kupandisha homoni hiyo, presha ikaanguka mezani, na kama daktari wa usingizi hajui habari ya mkorogo hatajua anapambana na nini. Jeraha nalo huchelewa kupona na huoza kirahisi. Krimu hiyo haikatwi ghafla kwa kujiamulia wala haifichwi. Unaitaja, unapimwa, unapunguziwa taratibu, na upasuaji unasubiri.

La pili ni dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Dawa za zamani, zikiwemo stavudini, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua, ziliwaachia watu wengi nundu shingoni na tumbo kubwa. Kwa nundu hiyo, kunyonya mafuta ni tiba inayotambulika, wala si urembo wa anasa. Ila mtu anayetumia dawa zenye ritonaviri lazima aseme. Ritonaviri huzuia ini lisiivunje dawa ya ganzi kwa kasi ya kawaida, hivyo kipimo kilicho salama kwa mwenzake kinaweza kuwa sumu kwake. Baadhi ya dawa za fangasi na antibayotiki kama klarithromisini hufanya vivyo hivyo. Hapa aibu ya kutaja kidonge kimoja inaweza kusimamisha moyo.

Mengine nayapitia haraka. Selimundu ijulikane kabla. Upungufu wa damu upimwe, hasa kwa mwenye hedhi nzito. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, sigara na shisha huchangia damu kuganda. Sindano za kupunguza unene kama Ozempic huchelewesha chakula tumboni, na mtu anaweza kutapika akiwa kwenye usingizi wa dawa, matapishi yakaingia mapafuni. Mwenye asili ya kuota kovu nene la keloidi akumbuke kwamba kila tundu la kanula ni jeraha. Na wa mwambao, ambako matende bado yapo, mguu ulionenepa upande mmoja uchunguzwe kwanza kama ni mafuta kweli. Kuna pia ugonjwa wa lipedema, ambao hunenepesha miguu yote miwili kwa maumivu na kuacha nyayo nyembamba, na mara nyingi huchukuliwa kuwa ulafi. Kwa huyo upasuaji huu unaweza kuwa tiba halisi.

Ganzi inahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo. Majaribio ya kukwangua mafuta yalifanyika Paris miaka ya 1920, na yalipata sifa mbaya pale mchezaji dansi mmoja alipopoteza mguu. Njia ya sasa ilianzia Rome katikati ya miaka ya 1970 kwa Arpad na Giorgio Fischer, baba na mwana, kisha mwaka 1977 Yves-Gérard Illouz wa Paris akaleta kanula butu. Lakini aliyebadilisha usalama wa kazi hii ni daktari wa ngozi wa California, Jeffrey Klein, aliyechapisha mbinu yake mwaka 1987. Yeye alijaza sehemu inayonyonywa kwa lita za maji ya chumvi yenye lidokaini iliyozimuliwa sana na adrenalini kidogo. Adrenalini hubana mishipa, damu ikavuja kidogo tu, na lidokaini ikaingia mwilini polepole.

Upole huo ndio uliowezesha kipimo kikubwa. Kwa sindano ya kawaida yenye adrenalini, mwanamke wa kilo 70 hapewi zaidi ya miligramu 490 za lidokaini, yaani 7 kwa kila kilo. Kwa mbinu ya Klein kiwango kilichopendekezwa ni 35 kwa kilo, ambacho kwake ni miligramu 2,450, na wapo wanaoruhusu hadi 55. Kinachosahaulika ni saa. Lidokaini hiyo hufika kileleni katika damu baada ya muda wa saa 12 hivi. Aliyefanyiwa saa nne asubuhi anafikia kilele saa nne usiku, kliniki imefungwa na daktari yuko kwake. Dalili za mwanzo ni ganzi ulimini, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, maneno kuanza kukwama. Ikizidi huja degedege, kisha moyo. Dawa yake ni dripu ya mafuta maalumu ya asilimia 20. Uliza kama kliniki inayo, iko kabati gani, na nani anajua kuitumia. Ukijibiwa kwa kucheka au kwa kukasirika, umepata jibu.

Ni hatari kiasi gani kwa jumla? Uchunguzi uliowauliza madaktari wa upasuaji rekebishi wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulipata kifo kimoja katika kila upasuaji 5,000 hivi, na chanzo kilichoongoza kilikuwa donge la damu lililokimbilia mapafuni. Miaka miwili baadaye, madaktari wa ngozi waliotumia ganzi pekee waliripoti visa zaidi ya 66,000 bila kifo hata kimoja. Tofauti hiyo kwa kiasi kikubwa inatokana na ukubwa wa kazi: mafuta machache, mgonjwa macho, bila kuchanganya na upasuaji mwingine siku hiyohiyo. Wataalamu wa Marekani huhesabu lita tano kuwa mpaka ambao ukivukwa mgonjwa anapaswa kulazwa na kuangaliwa usiku kucha. Ujerumani nao walikusanya matukio mazito 72 ya kati ya 1998 na 2002, na 23 kati yao yalikuwa vifo. Walipotafuta sababu walikuta usafi duni, maji mengi kupita kiasi, kuchagua wagonjwa wasiofaa, kuwaruhusu mapema mno, na madaktari wasio na uzoefu wa kutambua mambo yanapoanza kuharibika. Katika orodha hiyo, karibu yote yangeweza kuzuiwa kabla ya kisu.

Novemba 2007 Donda West, mama wa mwanamuziki Kanye West, alifariki siku moja baada ya kupunguzwa matiti na kunyonywa mafuta Los Angeles. Alikuwa na miaka 58, na uchunguzi ulionyesha alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mwaka 2009 California ikapitisha sheria yenye jina lake: mtu hafanyiwi upasuaji wa urembo kabla ya kupimwa mwili na kuthibitishwa kwa maandishi kwamba anafaa. Sioni sababu ya kusubiri sheria kama hiyo hapa. Mwenye miaka zaidi ya 40, au mwenye presha au sukari, adai kipimo cha moyo na barua ya daktari asiyefaidika na ada ya upasuaji.

BBL, yaani kuyachukua mafuta yaliyonyonywa na kuyapachika makalioni, ni jambo jingine kabisa ingawa huuzwa kama nyongeza ndogo ya bei nafuu. Mafuta yakiingia ndani ya msuli wa kalio yanaweza kupenya kwenye mishipa mikubwa na kufika mapafuni kwa dakika chache. Mwaka 2017 jopo la madaktari lilikadiria kifo kimoja kwa kila watu 3,000, na mwaka 2018 chama cha madaktari wa urembo cha Uingereza kikawashauri wanachama wake waache kwa muda. Florida mwaka 2022 iliweka kikomo cha upasuaji huo mara tatu kwa siku kwa kila daktari. Anayesisitiza apate daktari anayeweka mafuta chini ya ngozi tu, juu ya msuli, huku akitazama ncha ya kanula kwa altrasaundi. Ushauri wangu ni kuuacha.

Kuhusu nani afanye, Afrika Mashariki haina upungufu wa kila kitu kama tunavyojidharau. Mabingwa wa upasuaji rekebishi wanafundishwa hapahapa, ikiwemo kupitia chuo cha madaktari wa upasuaji cha COSECSA chenye makao Arusha, na Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila hutoa huduma za kupunguza uzito na za upasuaji rekebishi ndani ya hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi. Shida ni kwamba jina "daktari wa urembo" linaweza kubandikwa na yeyote mlangoni. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa urembo, na baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, likaifunga kliniki husika. Baraza hilo, Baraza la Madaktari Tanganyika na lile la Uganda yana daftari la waliosajiliwa. Tafuta jina la daktari, kisha tazama ubingwa ulioandikwa mbele yake, na uangalie leseni ya jengo pia, kwa maana bingwa wa kweli akifanyia kazi kwenye chumba kisicho na oksijeni ya kutosha naye anashindwa. Daktari wa usingizi awe mtu mwingine, asiwe yuleyule anayeshika kanula.

Wanaosafiri Uturuki, India au Dubai hufuata bei na siri kwa pamoja. Kazi nzuri inafanyika huko, hilo halina ubishi. Lakini mwaka 2023 Wamarekani waliovuka mpaka kwenda Matamoros, Mexico, kwa upasuaji wa urembo walipata fangasi kwenye utando wa ubongo kutokana na ganzi ya uti wa mgongo, na 12 walifariki, wengi wakiwa wamesharudi kwao ambako madaktari waliowapokea sio waliowapasua. Kwetu safari ni ndefu zaidi, na kukaa kwenye kiti cha ndege kwa saa sita saba na jeraha bichi huongeza uwezekano wa damu kuganda. Bima kwa kawaida hailipi upasuaji wa urembo, na matatizo yake huzua mabishano. Kwa hiyo pesa ya dharura iwekwe kando kabla ya tiketi kukatwa.

Baada ya kazi, utavaa nguo ya kubana kwa wiki nne hadi sita, usiku na mchana, jambo zito kwenye joto la Machi la Dar es Salaam au Mombasa, na matundu yatatoa maji mekundu siku ya kwanza na ya pili. Utatembea siku hiyohiyo, hatua chache kila baada ya muda, ili damu isilale miguuni. Ngozi itakuwa na ganzi na mabonde kwa wiki kadhaa. Umbo lenyewe linaonekana vizuri kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kwa hiyo harusi ya mwezi ujao si sababu nzuri ya kulipia leo.

Usiku wa kwanza lazima awepo mtu mzima anayejua ukweli wote. Awe dada, mume, mama mdogo au shoga wa kuaminika, lakini ajue, na asilale kabla ya saa sita usiku. Akiona pumzi inakuwa fupi, maumivu ya kifua, mguu mmoja umevimba, maneno yanakwama, homa, au maumivu yanayokua badala ya kupungua, asipige simu ya kuuliza kama ni kawaida. Aite gari waende hospitali yenye chumba cha mahututi. Kabla ya kutoka kliniki uwe umeomba karatasi yenye vitu vinne: miligramu za lidokaini ulizopewa, lita za maji yaliyoingia, lita zilizotoka, na saa ya kuanza na kumaliza. Akabidhiwe yeye, aiweke mfukoni, na wakifika mapokezi aitoe kwanza kabla hajaulizwa jina.